Kitanda Juu ya Keria

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Maralal.

Tulitoka Kiminini alfajiri, watatu: mwanangu Hillary, mkewe Dinah, na mimi. Miaka thelathini na moja nilifundisha jiografia. Nilichora jangwa ubaoni kwa chaki ya njano na sijawahi kulikanyaga! Hillary ameamua nilione kabla macho hayajaniishia. Tutapita Loiyangalani hadi mbuga ya Sibiloi, tukilala ndani ya gari.

Ndani ya gari. Nilielewa jioni. Viti vimelazwa, godoro moja, mito mitatu! Baba mkwe na mke wa mwanawe juu ya godoro moja. Kwetu Wabukusu hata chumba kimoja ni mwiko. Hillary alijikuna kichwa: ati hakufikiria. Sikumgombeza. Alizaliwa kambini, mwaka ule wa 1992 tulipofukuzwa Elgoni. Angejifunzia wapi kwamba kuna chumba cha wazazi? Dinah alitupa mgongo, akawa anakunja blanketi lililokwisha kukunjwa.

Nimepanda kulala juu ya keria ya mizigo, paani.

Jumanne, 13 Agosti. Loiyangalani.

Asubuhi Hillary ananiuliza, "Baba, wewe ni abiria ama ni mzigo?" Dinah alicheka, kisha akaziba mdomo kwa pembe ya leso aliyojitanda.

Mawe meusi pande zote, kama yaliyomwagwa na mtu mwenye hasira. Upepo umechukua kofia yangu. Mgongo unauma na nina furaha ya mtoto. Lakini vumbi linaamsha pumu ya Dinah. Huitikisa inhela karibu na sikio, kupima kilichobaki.

Alhamisi, 15 Agosti. Sibiloi.

Nimegusa mti uliogeuka jiwe! Pete zake zinahesabika. Nilifika arobaini, Hillary akaanza kupiga honi.

Askari wa mbuga anaitwa Kiptum, mtu wa Kachibora. Tumeulizana habari za mahindi. Kisha akaona blanketi langu juu. "Mzee, hapana. Huku watu wanalala ndani, mlango umefungwa. Kuna fisi." Nikamwambia ni mambo ya ukwe. Heshima hiyo hata kwao ipo. "Basi usining'inize miguu, bana."

Ijumaa, 16 Agosti. Saa kumi jioni.

Springi ya gari imekatika katikati ya mto mkavu. Hillary aliondoka na Kiptum saa nne asubuhi, kwa pikipiki yake, kutafuta springi nyingine. Walisema watarudi saa nane. Mtandao hakuna.

Tumebaki wawili. Mimi kivulini upande wa kushoto, Dinah upande wa kulia. Gari limekuwa ukuta. Tunaongea bila kuonana. Amenisimulia jinsi mama yake anavyokausha uyoga kule Tongaren.

Saa kumi na mbili u nusu.

Upepo wa ziwa umeanza. Mchanga unachoma masikio. Nimemwambia Dinah: Mama, ingia, funga vioo.

"Na wewe?"

Mimi niko sawa.

"Sawa aje? Hata keria inatikisika. Nikuwe ndani na wewe uko nje, Hillary nitamwambia nini?"

Mwambie nilikataa.

"Si basi na mimi nimekataa."

Amekaa kando ya gurudumu, amejifunika uso kwa leso. Gari tupu, lina godoro na mito mitatu, na sisi tuko nje! Mtu akituona atasema tumelogwa.

Anakohoa. Nimesikia inhela ikibonyezwa mara mbili. Mara ya tatu haikutoa sauti.

Niandike jambo nisilowahi kuandika. Mwaka 1992 tulihifadhiwa katika darasa la kanisa, familia kumi na moja sakafu moja. Nakhumicha, mama yake mke wangu, hakukubali kulala nilipolala. Nikatoka nje nimwachie nafasi. Naye akatoka, asinione nikinyeshewa kwa ajili yake. Tukakaa barazani, kila mtu pembe yake, tumepeana migongo, mvua ikitupiga. Tukiheshimiana. Siku ya tisa tulimzika, kifua kilimuua. Kaburini watu waliisifu adabu yake. Mimi pia niliisifu! Rosaline, mke wangu, alikufa bila kusikia kutoka kwangu kwamba neno moja tu lingetosha: Mama, tuingie.

Sasa nimefungua mlango wa nyuma, upande wangu. Nimemwita Dinah kwa jina la kwao, Nabwile, ambalo sijawahi kulitamka. Nikamwambia: kaa kiti cha dereva, mimi nitakaa huku nyuma. Tundika leso katikati, iwe ukuta. Tuingie.

Kikohozi. Kirefu. Kisha sauti nyembamba kutoka upande wa pili:

"Baba, ingia wewe kwanza."

Mguu wangu mmoja uko ndani. Naandikia juu ya goti, nasikiliza mlango wake. Bado haujafunguka.