Nilimwacha Mke Nipate Kadi ya Mahindi

Kwako Bi Hafidha, mshauri wa wengi, na leo naomba uwe wangu.

Baada ya salamu nyingi nakuomba uniokoe kabla ya Alhamisi ijayo, maana Alhamisi ndiyo siku ya baraza na ndiyo siku nitakayopata mke au mahindi au nikose vyote viwili, na kabla sijaenda mbali nakusihi usinitaje, hapa nimejiita Jaafar na mke wangu nimemwita Mwanatumu, majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la Bwanamkuu, huyo ukitaka mtaje.

Mimi ni kibarua wa chumvi huku Marereni. Mwaka huu wa themanini na nne jua limeunguza kila kitu, mahindi yetu yalikauka yakiwa bado mabua, lakini jua hilo hilo ndilo linalokausha maji ya mabwawa, kwa hiyo wenzangu wakilia njaa mimi nakokota chumvi kwa reki mpaka mgongo unaniuma, na usidhani hiyo ni bahati, hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Serikali ilipoleta mahindi ya msaada, yale ya njano ambayo mama yangu alisema ni ya kuku mpaka alipoyaonja, iliundwa kamati ya kugawa, kila nyumba na kadi yake, mwenyekiti ni Mzee Ngala na mpimaji ni Dzombo, na kanuni ni hii: wanahesabu midomo, mdomo wa mtu mzima kipimo kizima, mdomo wa mtoto nusu, lakini nyumba yenye mtu wa mshahara haipati hata punje, na nyumba ya mwanamke asiye na mume inapata yote bila kukatwa. Nikamwambia Mzee Ngala mimi sina mshahara, mimi ni kibarua, siku wakiniambia rudi kwenu narudi mikono mitupu, akanijibu, "Jaafar, mimi nahesabu midomo, hesabu za mabwana zako sizijui. Waenda kazini huendi?" Nikasema naenda. Akasema basi, nyumba yako imekatwa.

Sasa Bi Hafidha nisikilize vizuri ujue sikuanza mimi. Siku ya kuhesabiwa nyumba kijiji chetu hakikuwa na mwanamume hata mmoja, kila mlango mke alisema mume katoroka, na huku darini watu wakikohoa, ikafika mahali kamati ikajua inachezewa ikatoa amri kwamba mwanamke anayedai hana mume mambo yake yasemwe barazani, hadharani, asikie kila mtu. Wenzangu wakaogopa wakateremka darini. Mimi nikaona njia. Nikamwambia mke wangu mama watoto, nitakuacha kidogo tu, mambo ya kadi haya, tukishapata mahindi tutarudi kama zamani, yeye akanitazama akaniuliza, "Wajua unalolisema?" nikamwambia najua, akanyamaza, nami nikadhani kunyamaza ni kukubali.

Basi nikasimama barazani nikasema Mwanatumu nimekuacha talaka moja. Nilisema moja, sikusema tatu, mimi si mjinga, nilijiwekea akiba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwapo akainuka akaniuliza, "Jaafar, umesema?" nikajibu nimesema, tena kwa sauti ili Mzee Ngala aridhike, mwalimu akakaa na akawa hanitazami. Nilimkonyeza mke wangu, naye hanitazami. Kadi ikaandikwa palepale kwa jina lake, midomo ya watoto wanne, wake, na wa mama yangu mzazi, naam, mama yangu, kwa kuwa anaishi nyumba ile, na Dzombo akapima. Dzombo ana kopo na kijiti, akishajaza kopo anapitisha kijiti juu na kilichozidi kinarudi guniani, kila mtu anapata mfuto hata ungekuwa unamjua babake. Mimi nikahamia kambi ya vibarua ili kamati isinione nyumbani, na ujira wangu nikawa naula huku huku, kwa kuwa kwangu mahindi yapo.

Ijumaa moja baada ya sala nikapita nyumbani mchana kweupe, nikabisha hodi nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, Mwanatumu akatoka na buibui kajifunika akanisalimu kama anavyomsalimu karani wa posta, "Karibu barazani, Bwana Jaafar." Bwana Jaafar! Nikamwambia acha mzaha, nifungulie. Akasema, "Mimi niko edani, bwana. Watoto wako hao, wasalimie. Mamako yuko ndani, nitakuitia." Nikamwambia basi nimeku... akanikatiza, "Ngoja! Uliniacha mbele ya watu, nawe wataka kunirejea nyuma ya jiko? Nenda ukaniseme palepale uliponisema." Nikamweleza kwamba nikisema pale kadi itachukuliwa, tufanye kwa siri, tutafute mashahidi wawili wanaojua kufunga midomo. Akasema, "Mahindi haya nayala kwa jina la mwanamke asiye na mume. Nikiwa na mume wa siri nitayala kwa jina la nani? La mwizi?" Mama yangu akatokea, nikadhani nimepata wakili, akasema, "Mwanangu, mimi mdomo wangu umeandikwa kwa Mwanatumu. Wewe mgeni, usinitie maneno."

Nikaona kumbe mwenye kadi ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo nikambembeleza mama anipe niishike mimi, japo si vizuri kumfanya mama amwibie mkwewe, mama akanitolea ili niondoke, nami nikaifunga katika pindo la kikoi nikaenda nayo kazini. Bi Hafidha, kazi yetu tunasimama ndani ya maji ya chumvi. Jioni nilipofungua pindo nilikuta uji. Mhuri umekwenda, jina limekwenda, midomo yote sita imekwenda.

Mgao uliofuata Mwanatumu alikwenda bila kadi, Dzombo akamwambia bila kadi hapimi, na kamati ikamwambia atapewa nyingine lakini kadi mpya haitoki mpaka mwenyewe asimame tena barazani aulizwe upya nani yumo nyumbani mwake na kama ana mume. Ndiyo hiyo Alhamisi. Watoto sasa wanakula kwa jirani, na hilo linaniuma, usidhani mimi ni jiwe. Na eda yake imekaribia kwisha, imebaki kiasi gani sijui, nikimuuliza anasema hayo hayanihusu. Na yuko huyo Bwanamkuu, mfanyabiashara wa Takaungu mwenye lori linaloleta mahindi, mkewe alikufa mwaka juzi, sasa kila akija lazima apite kumjulia hali mama yangu, amemletea tende, amemletea mafuta ya kuchua magoti, na mama anamsifu mbele yangu. Magoti ya mama yangu yana miaka kumi hayajapata mtu wa kuyajulia hali!

Maswali yangu ni haya. Je, talaka iliyotolewa kwa ajili ya kadi tu inahesabiwa? Je, naweza kuiambia kamati kwamba nilikuwa natania bila kamati kukasirika? Na je, iko njia yoyote ya kumrejea mke wangu bila kupoteza mahindi?

Ni mimi niliyekonda,
Mume Asiyehesabiwa, Marereni.

*

BI HAFIDHA ANAJIBU

Jaafar, umeuliza maswali matatu na kile kinachokutoa usingizi hukukiuliza. Lakini tuanze na yako.

Talaka inahesabiwa. Nilikwenda kumuuliza mwenye elimu kuliko mimi hapa Malindi, akanijibu kabla sijamaliza kuuliza: talaka haina mzaha. Ukiitoa kwa hasira ni talaka, ukiitoa kwa utani ni talaka, na ukiitoa kwa mahindi ya njano ni talaka vilevile. Mwalimu wa chuo alikuuliza ili akupe mlango wa kutokea. Wewe ukaufunga, tena kwa sauti.

Unasema ulitoa moja ukajiwekea akiba. Wenzako wanaweka akiba ya nafaka, wewe unaweka akiba ya talaka.

Kamati haina haja ya kukasirika, kwa sababu kamati hukuidanganya. Hili ndilo nililolicheka hapa mezani, kisha nikaacha kucheka. Uliandika kwa mkono wako kwamba ujira wako unaula kambini kwa kuwa nyumbani mahindi yapo. Mke aliye katika eda ya rejea chakula chake kiko juu yako, na watoto wako juu yako hata eda ikiisha, na mama yako sina haja ya kukwambia. Hukupeleka hata chumvi, nawe unaikokota mchana kutwa! Basi Mzee Ngala aliandika kwamba nyumba ile haina mume, asijue kama anaandikishwa uongo au kweli, na akawa ameandika kweli tupu. Darini kijiji kizima kulikuwa na waume waliojificha ili wake zao wale. Wewe ulijificha ukala.

Pole kwa hilo. Nakupa pole kwa sababu naona unaumia juu ya watoto, na barua yako ina sehemu moja ambayo hukujaribu kujitetea, nayo ni hiyo. Na kanuni ya kamati yenu nayo ina kasoro, nitaifikia. Lakini kwanza nikuulize: ulipomwambia mkeo utamwacha kidogo, ulipata kumwona mwanamke aliyeachwa kidogo? Alisimama mbele ya wanakijiji, majirani zake na wanafunzi wa mwalimu, akasikia jina lake na talaka vikitajwa pamoja, nawe unamkonyeza. Ulitaka acheke?

Kuhusu Bwanamkuu, sikumtaja mimi, umemtaja wewe. Kumposa mwanamke aliye edani si halali, kwa hiyo nakushauri umwamini kwamba anapenda magoti ya mama yako. Eda ikiisha atakuwa na haki ya kupenda mengine.

Sasa fanya hivi. Usingoje Alhamisi kumtafuta mwalimu wa chuo. Nenda leo, mwambie unataka kumrejea mkeo, umuombe awepo barazani. Siku hiyo fika mapema, na Mwanatumu asiitwe kabla hujasimama. Asiulizwe kama ana mume akajibu hana, maana akijibu hivyo itakuwa mara ya pili unamwacha mbele ya watu. Simama wewe, useme kwa sauti ile ile uliyoachia, "Mwanatumu, nimekurejea." Usikonyeze mtu. Kisha useme kadi niliiharibu mimi, niliichukua mimi, si yeye aliyeipoteza. Kamati ikikufokea, nyamaza ufokewe.

Mahindi yatakwenda. Swali lako la tatu jibu lake ni hapana, na mtaka yote hukosa yote. Lakini ukishamaliza kufokewa omba ruhusa useme jambo moja la maana: kwamba kibarua si mwenye mshahara, kwamba anayelipwa kwa siku anayoitwa hawezi kukatwa sawasawa na karani anayelipwa hata akiugua. Omba nyumba zote za vibarua wa chumvi zipewe angalau sehemu ya watoto na wazee. Usiombe ya kwako peke yako. Ukisema hivyo, wale waliokuwa darini watakuunga mkono, na Mzee Ngala, ambaye anaonekana mtu mkavu lakini si mbaya, huenda akapeleka neno kwa chifu. Hilo ndilo ulilopaswa kusema siku ya kwanza. Lingekugharimu dakika chache za aibu.

Na kabla ya yote hayo, chukua ujira wa juma hili, ule ambao hujaula, umpelekee. Umpe mkononi, barazani kwake pale anapokukaribisha, usalimiane naye vizuri, uondoke.

Liko jambo la mwisho, nalo sipendi kulisema. Gazeti hili huchukua muda kufika Marereni, na eda haisubiri posta. Ukilisoma hili ukiwa umesimama majini, weka reki chini uende na miguu yako hivyo hivyo. Lakini ukifika ukakuta eda imekwisha, usianze kelele mlangoni mwa watu. Hapo huna mke wa kurejea. Utakuwa mposaji, utaposa upya kwa mahari mapya na kwa ridhaa yake, na kama mbele yako yupo mwingine amekaa na tende zake, utakaa nyuma yake ungoje.

Na safari hiyo, Jaafar, anayepima hatakuwa Dzombo. Nyumba ile imeshakula mfuto wako vya kutosha. Mpelekee tele.