Kikoi na Msumeno wa Mashine

Baba Qali,

Chai iko kwenye chupa, anjera nimezifunika kwa sahani. Kula kwanza.

~~Huo mti wa mathenge usiuguse.~~ Haya, ukate, lakini toa mbuzi bomani kabla hujaanza, maana umeinamia huko. Na fagia matawi yaliyo nyuma yako, upate njia ya kukimbia mti ukianza kuanguka.

Asubuhi nilipopiga kelele sikutaka kukuaibisha mbele ya jirani yetu Mustafe. Msumeno ulinasa kikoi chako, ukakimeza mpaka mashine ikajizima. Wewe ukasema, "Alhamdulillahi, ni kikoi tu!" Mustafe wa watu akageukia ukuta kwa heshima, mabega yakimcheza kwa kicheko. Mimi nilikuwa natazama goti lako. Wallahi, ilibaki shubiri moja.

Kilichobaki cha kikoi nimekifanya kitambaa cha kushikia sufuria. Suruali nzito na buti viko kitandani.

Usijichoshe kuvuta kamba ya mashine, haitawaka. Plagi ya injini nimeing'oa, iko mkobani mwangu. Njoo dukani uichukue, na uje umevaa suruali.

Mama Qali