Utani wa Saruji

Jumatatu, 8 Julai
Miezi mitano na siku tatu tangu nitoke Namtumbo. Baridi ya Masasi haichomi kama ya kwetu. Bweni la wasichana tunalolijenga limefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Mgongo unauma.

Mkuu wa Chuo alifika saa moja, kabla ya walimu wote. Mama Zuhura. Mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti. Anavaa mabuti ya mpira, anapanda jukwaa la mafundi mwenyewe, anagonga tofali moja moja kwa kidole. Yeye Mmakonde wa Newala, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani. Leo amenipigia kelele mbele ya watu: "Mngoni, babu yako aliiba mbuzi wetu, sasa unalipa kwa zege!" Nikamwambia mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda, tuliwaonea huruma. Walimu wanamwogopa. Mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumjibu hivyo.

Jumapili, 14 Julai
Newala. Mama Zuhura alinichukua nikapige plasta nyumba ya mama yake. Saruji alinunua duka la hapo hapo Newala, kwa mshahara wake. Mifuko nilibeba mimi, kutoka dukani mpaka mlangoni. Vumbi la salfa, dawa wanayopulizia mikorosho, lilikuwa limejaa puani. Ukuta mmoja umebaki.

Aliniuliza kuhusu binti yangu, Skola. Nikasema yuko kidato cha nne, akimaliza ataolewa tu, mimi mwenyewe niliishia cha pili. Akanikatiza. "Hilo bweni unamjengea nani, mjinga wewe? Mlete." Nilicheka. Baadaye nililia kidogo, chooni.

Alhamisi, 18 Julai
Wajumbe wa bodi wamekuja kukagua. Mmoja mpya, si mtu wa huku, amevaa suti kwenye vumbi. Mama Zuhura anawatembeza. Nikaanza kama siku zote. Nikasema kwa sauti: "Msimwamini huyu! Saruji ya chuo yote iko Newala kwa mama yake. Nimebeba mwenyewe!" Vibarua hoi kwa kicheko. Naye hakukawia: "Mwizi amemtambua mwizi mwenzake!" Wakacheka zaidi. Yule wa suti hakucheka. Alitoa kalamu.

Jumanne, 23 Julai
Mama Zuhura amesimamishwa kazi. Uchunguzi wa saruji. Kiti anakishika makamu wake.

Nilisikia kwa mama ntilie, sahani iko mbele yangu. Mwalimu mmoja akasema ndiyo wanawake hao, ukiwapa madaraka wanajenga kwao. Mama ntilie akamgeukia na upawa mkononi: "Na wewe ulipojenga kwenu? Si uliitwa mtoto mwema?" Watu wakacheka. Mimi sikula.

Ni mimi. Mdomo wangu.

Ijumaa, 26 Julai
Nimefua shati, nimekwenda mwenyewe kwenye kamati ya uchunguzi. Hawakuniita.

Nikaeleza. Yule wa suti akauliza, ulisema au hukusema? Nikasema nilisema, lakini ulikuwa utani. Ulibeba saruji au hukubeba? Nilibeba, lakini ya dukani. Akaandika nilisema. Akaandika nilibeba. Nikamuuliza mbona yale mengine haandiki. Akasema nitoke, kuna shahidi mwingine anasubiri nje. Nje hapakuwa na mtu.

Yeye ni mgeni, simlaumu sana. Lakini mezani alikuwepo mzee mmoja wa hapa hapa Masasi. Huyo anajua utani kuliko mimi. Nimemwona msibani kwa macho yangu, amelala mbele ya jeneza la mtani wake, hataki lipite mpaka apewe soda. Leo aliangalia meza. Neno moja tu lake lingetosha.

Jumatatu, 12 Agosti
Tumeezeka. Hakuna anayenitania. Mwenyewe sitanii mtu.

Jumatano, 28 Agosti
Uchunguzi umekwisha. Mwenye duka wa Newala alikuja na kitabu chake cha risiti. Saruji ya chuo yote ipo, imo kwenye kuta za bweni. Mama Zuhura hana kosa.

Kiti hakurudishiwa. Wanasema makamu ameshazoea na chuo kinahitaji utulivu. Yeye atafundisha tu. Huyo makamu hajapanda jukwaa hata siku moja. Anaangalia bweni akiwa kwenye gari.

Nina hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Mwanzo wake ni mimi.

Jumapili, 1 Septemba
Nimepanda Newala, nyumbani kwa mama yake, kumwomba radhi Mama Zuhura. Kwa mila, mtani hamkasirikii mtani. Nilijiandaa kwa matusi. Nilitamani anitukane, mimi na babu yangu na ukoo wote.

Alitoka mwenyewe. Nikasema shikamoo, Mkuu. Akasema, "Marahaba. Karibu, Baba Skola."

Baba Skola. Tangu nifike hajawahi kuniita hivyo. Akanipa kiti kizuri. Akanipa maji. Akaniuliza habari za nyumbani kama anavyoulizwa mgeni. Nikajaribu. Nikasema nimekuja kurudisha wale mbuzi. Akatabasamu kwa adabu. "Hayo yamekwisha, Baba Skola."

Bora angenipiga.

Jumamosi, 14 Septemba
Kazi imekwisha. Bweni limepakwa rangi. Jana wasichana wa kwanza waliingiza magodoro, wakigombania vitanda vya dirishani.

Leo nimekwenda Newala kumalizia ule ukuta. Hakuna aliyeniagiza. Mama Zuhura alikuwa ndani anasahihisha mitihani, dirisha liko wazi. Nilifanya kazi polepole. Kila nikipiga mwiko nasubiri aseme kitu kuhusu babu yangu. Nilisikia karatasi tu, zikigeuzwa.

Jioni akatoka, akapitisha kiganja ukutani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema umenyooka. Akasema asante. Halafu akanipa karatasi ya Skola. Ameandika kwa mkono wake masomo ya kukazania, na mwezi wa kuomba nafasi chuoni.

Nimeikunja ndani ya daftari hili. Skola atauliza nani kaandika. Sijui nitaanzia wapi.

Basi la Songea linatoka Masasi Jumatatu alfajiri. Nitashuka njiani, Namtumbo. Kabla ya giza nitakuwa nyumbani.