Udhu Kabla ya Kushuka Majini

Kaka Mbarouk,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo, maana nikitanguliza salamu nyingi nitakuwa nakudanganya, na wewe hukudanganyika ulipokuwa hai.

Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike. Kazi ni ile ile uliyoniingiza miaka ya tisini: milango ya maji ya magati haya ya zamani ya Landani, kutu, tope, na bolti za kukaza kwa kupapasa kwa sababu chini huko huoni hata pua yako. Aliyebadilika ni mimi. Shemeji, mkeo, amenipa glavu zako kavu, zisizopitisha maji, zile za mpira wa buluu zenye ringi nyeusi za kufungia kwenye mikono ya suti ya kuzamia. Alisema, "Chukua, Seif, humu ndani zinaniliza." Nilizipokea kwa mikono miwili. Laiti angejua kwamba mimi zinanitisha.

Jumatatu nilishuka nazo. Mita saba tu, yakhe! Wewe kina hicho ulikuwa ukikiita bafuni. Sikufika bolti ya pili, vidole vikaanza kuuma kwa baridi, kisha vikafa ganzi. Nikajua glavu inavuja. Nikaukumbuka ule mrija mdogo tunaoupitisha chini ya mpira wa kifundo cha mkono, ili hewa ya suti iingie kwenye glavu isitubane. Nikasema basi, maji nayo yatapita hapo hapo, yatajaa suti nzima, na mimi ndio nimekwisha. Pumzi zikanipanda. Nikavuta kamba mara nne. Unajua mara nne maana yake nini. Nitoeni, nakufa.

Walinitoa. Msimamizi wetu, Graham, akanivua glavu mwenyewe juu ya karai, wenzangu wote wamesimama wanatazama. Halikudondoka hata tone. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Alisema tu nishuke tena Alhamisi, na nikivuta kamba bure mara ya pili, basi kuzama kwangu kumekwisha, nitabaki juu kuwashikia kamba wenzangu. Kaka, miaka yote ile uliyonifundisha!

Nilipofika nyumbani Barking nikafanya ulivyokuwa ukifanya. Nikazifuta ringi, nikatafuta unywele au uzi wa sufu ulionaswa, sikuuona. Nikapaka grisi kidogo, huku nakusikia ukinambia, "Unapaka ringi, yakhe, hupaki mkate." Nikaziba midomo ya glavu, nikazijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, nikazizamisha kwenye bafu na kusubiri viputo. Hakuna. Mke wangu Zuhura alikuwa kasimama mlangoni ananitazama nilivyopiga magoti. "Glavu nzima, baba Asya. Mbovu ni wewe." Ulimi wake unaujua. Kisha akazitoa mkobani zile glavu za sufu za kuvaa ndani, akaziminya. "Mbona hizi mbichi?"

Nikakaa chini sakafuni.

Nilikuwa nimetia udhu, kaka. Pale pale gatini, kwa maji ya chupa, na safari hii dakika mbili tu kabla ya kuvaa. Na sikujifuta, kwa sababu chuoni maalim alitwambia maji ya udhu hayafutwi, yaachwe yaondoke na dhambi. Nikavaa sufu juu ya mikono mibichi. Loo! Maji yenyewe yalikuwa yangu mwenyewe. Na wewe ulikwishanambia zamani: glavu ikivuja kweli, inua mkono, utayasikia maji yakiteremka kiwikoni. Unyevu hauhami, unakaa kwenye ncha za vidole ukakutesa. Ningeinua mkono tu. Sikuinua. Hofu ilikwishanila akili.

Wewe udhu ulikuwa ukitia nyumbani, ukifika kazini mikono imekauka. Tena ulitia kwa ajili ya swala. Mimi... nikwambie? Siku ya kukuosha, mikono yako niliishika mimi. Miaka yote ile majini, ukaja kuangushwa na kiharusi jikoni kwako, chai iko motoni! Nilikuosha vidole kimoja kimoja, nikakufuta kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Baridi ile ile niliyoisikia Jumatatu. Tangu siku hiyo kila nikitaka kushuka najitawadha kama ninayejiosha maiti, ili wakinitoa nimekufa, wasipate kazi kubwa. Ule haukuwa udhu wa kuswali, kaka. Ulikuwa udhu wa kufa.

Hili sijamwambia mtu. Zuhura analijua nusu, kwa kuwa ananijua.

Wala usidhani kujua kumeniponya. Leo Jumatano, kesho ndiyo kesho, na hati yangu unaiona ilivyokwenda mrama. Halafu ringi ya kulia mtu hajifungi mwenyewe. Ulikuwa ukinifunga wewe, ukaivuta mara mbili kuhakikisha, ukanipiga kofi la bega: "Haya nenda, watoto wanataka viatu." Kesho itabidi nimwombe Graham tena. Atanifunga vizuri, sina shaka naye. Lakini kofi hatanipiga, na mimi nalitaka lile kofi, wallahi nalitaka.

Lala salama, kaka yangu, mwalimu wangu. Mola akupanulie kaburi lako, akutie nuru. Nakuahidi jambo moja. Kesho sitatia udhu kabla ya kushuka. Nitatia nikishatoka, kwa kuwa nitakuwa na adhuhuri ya kuswali.

Mdogo wako,
Seif