Penseli ya Chekechea

Jumanne, Ujiji.

Na bado sijamsamehe. Jana Sadi, mwenzangu wa maabara, alimwambia mwalimu kwamba dagaa niliowakusanya mimi kutoka mialo minne, wanakoshushia samaki wavuvi, kuanzia Kasingirima, ni kazi yake. Akapongezwa mbele yangu!

Leo nimemkuta anaandika majina ya mialo kwenye lebo za kutumbukiza ndani ya chupa za spiriti zenye dagaa wale. Anaandika kwa kalamu ya wino. Wiki iliyopita nilimwonya kwamba spiriti inafuta wino, atumie penseli, akanicheka: "Penseli ni ya chekechea, dada."

Safari hii nimenyamaza. Hata vifuniko nimemsaidia kufunga.

Roho inaniuma, maana dagaa wale ni jasho langu. Potelea mbali.

Ijumaa mwalimu atauliza kila chupa imetoka mwalo gani. Sadi atatoa chupani lebo nyeupe tupu, kisha atanitazama mimi. Nitakuwa nachonga penseli.