Wati Elfu Tatu za Kaka Deo

Ijumaa usiku

Elfu tatu haiwezekani. Nimerudia hesabu na jibu ni lile lile.

Boksi la spika za kompyuta alizonunua kaka Deo limeandikwa wati 3000, kwa maandishi makubwa mekundu. Lakini adapta yake imeandikwa volti 12, ampea 2. Volti mara ampea ni wati 24. Spika haiwezi kuendelea kutoa nguvu isiyoingia. Hizo elfu tatu, kama zipo kabisa, ni za kufumba na kufumbua.

Nilimwambia mchana, kwa hii sauti yangu ndogo.

"We profesa," akacheka, "sikiliza basi!" Akafungulia wimbo, madirisha yakatetemeka.

Chumba chetu ni kidogo. Sherehe ya kipaimara ya binti wa shangazi, anakotaka kuzipeleka, itafanyika uwanjani, Kakese, na kijiji kizima kimealikwa.

Jioni shangazi akapita. Nilitaka kumwomba asimwache yule mwenye mziki wa kukodi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Yule wa mziki nimeshamkatalia, mwanangu. Amechukua harusi ya Mwamkulu. Kaka yako ametuokoa."

Nikaitikia tu.

Watu wakisema hawasikii, kaka atafungulia mpaka mwisho. Namjua. Na mbele ya wageni wote wale, shangazi akimwangalia...

Jioni nzima kaka amekuwa akizijaribu spika, akijisifu kwamba hajafika hata nusu ya sauti. Alipotoka nikagusa adapta.

Inaunguza.