Vita Vikubwa

Zinga, 4 Machi 1945

Dada yangu Adija,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza barua ya jeshi ilisemaje juu ya kaka yetu Hija. Ilisema amefariki huko Burma katika “skirmish”. Neno hilo sikulijua, nikaazima kamusi ya mwalimu. Maana yake ni mapigano madogo ya watu wachache. Mama alikuwa mkekani akisubiri nimsomee. Nilimkumbuka Hija alivyokuwa akimtolea miiba ya samaki, nikashindwa kulitamka hilo “madogo”. Nikamwambia, “Ni vita vikubwa, mama.”

“Basi wamefiwa wengi,” akasema.

Leo nimemkuta anafunga mchele kwenye kitambaa. “Zinga nzima imenipa pole,” akaniambia. “Nami niupeleke Kerege, niupeleke Bagamoyo, nikawape pole mama wenzangu wa vita vile.”

Dada, barua inasema siku ile hakufa mwingine. Mchele umeshafungwa, uko mlangoni. Nimemwomba asubiri Ijumaa ipite. Njoo kabla ya siku hiyo, tumwambie tukiwa wawili.

Mdogo wako,
Bwanausi